Kwa nini familia inayoanza kukwama huwa ya kwanza kutoweka kanisani?

#1 Mhazini_Nkuhungu (mleta uzi)

Bwana Yesu asifiwe, wanajukwaa.

Mimi ni mhazini wa kanisa moja la pembezoni mwa jiji la Dodoma, na kwa miaka minne sasa kazi yangu ya Jumapili jioni ni kuandika kwenye daftari kiasi kilichotoka katika kila bahasha, kwa namba yake. Wiki mbili zilizopita, nilipokuwa nafunga hesabu za nusu mwaka, niliona jambo ambalo limeninyima raha. Familia tisa zilizoacha kuja ibadani tangu Januari zina alama ileile katika daftari langu: sadaka ilishuka kutoka elfu tano hadi elfu mbili, ikashuka tena hadi mia tano, kisha safu ikawa tupu kwa wiki sita au nane, na ndipo watu wenyewe wakatoweka. Daftari lilijua kabla ya mchungaji, kabla ya wazee wa kanisa na kabla ya majirani, na mimi niliyeshika kalamu sikusoma kitu.

Nilimtembelea mmoja wao, mama ambaye mume wake alikuwa fundi rangi kwenye majengo ya Mtumba hadi kazi ilipokwisha. Nilimkuta uani akichambua majani ya mlenda aliyoyaanika juu ya kiroba. Alinipa kigoda, tukazungumza mvua na watoto. Nilipomwambia kwamba tumemkosa, aliingia ndani akatoka na Biblia, akaifungua katikati. Bahasha zake zote za robo ya pili zilikuwa humo, zimepangwa kwa tarehe, hazina hata mkunjo. Akaniuliza, "Sasa baba, ulitaka nipite pale mbele nitumbukize hewa?" Sikuwa na jibu.

Naomba tusaidiane kwa utulivu. Tunahubiri huruma kila wiki, lakini maisha yanapobana, kanisa ambalo lingekuwa mahali pa kukimbilia linageuka kuwa mahali pa kukimbia. Tatizo liko wapi?

#2 Fundi_Bomba

Mkuu, umejijibu mwenyewe. Tatizo ni bahasha yenye namba. Sadaka ikishakuwa na namba inaanza kufanana na ankara ya maji, na mtu mwenye deni la ankara hapendi kuonana na msoma mita. Futeni namba, wekeni kapu moja mlangoni, watu watarudi.

#3 Mama_Chang'ombe

Fundi, ingekuwa rahisi hivyo tungeshukuru. Mimi nasali kanisa ambalo halijawahi kuwa na bahasha, kila mtu hutoa kwa kadiri alivyoguswa, na bado ninamwona mtu anakwama leo na kesho hayupo. Mimi ni mhudumu wa mlangoni kwa miaka kumi na moja, kwa hiyo nawajua wanaoingia na wanaokosekana kuliko mchungaji anavyowajua.

Kwa uzoefu wangu, sababu ya kwanza ni Jumapili yenyewe. Mama aliyekuwa akiuza chakula siku sita sasa analazimika kuuza siku saba, na saa tatu asubuhi ya Jumapili ndiyo saa ambayo mafundi na madereva wanakunywa supu. Hajaacha imani. Yuko kwenye moshi. Tunamhesabu kuwa amerudi nyuma kiroho wakati amerudi nyuma ya jiko.

#4 Kijana_wa_Bodaboda

Namuunga mkono mama wa #3. Mwaka 2022, petroli ilipovuka shilingi 3,000 kwa lita, hesabu ya kila siku tunayompelekea mwenye pikipiki haikupungua hata shilingi, kwa hiyo pengo tulilijaza kwa saa za kazi. Jumapili ni siku nzuri ya biashara kwa sababu watu wanakwenda kanisani. Nimewapeleka wengi hadi mlangoni, nikasikia kwaya, nikageuza pikipiki.

#5 Jembe_Halimtupi

Mimi nitasema lisilopendwa. Maandiko yako wazi kwamba asiyefanya kazi asile. Wengine wanaotoweka wamezoea kusaidiwa, wakiona msaada umekauka hapa wanahamia kanisa lingine lenye wafadhili. Dodoma yetu imeshachafuliwa jina la kutosha kwa habari ya omba omba. Huruma isiyo na mipaka inazalisha uvivu.

#6 Mwalimu_Mstaafu_Hombolo

Ndugu Jembe, nakuomba urudi kwenye andiko lako, 2 Wathesalonike 3:10. Paulo anamzungumzia mtu *asiyetaka* kufanya kazi. Neno hilo moja ulilolidondosha ndilo lililobeba sentensi nzima. Fundi rangi wa #1 hajakataa kazi, kazi ndiyo iliyomkataa.

Na kuhusu omba omba, mimi ni Mgogo na jambo hilo limenichosha. Mkoa wetu una msimu mmoja wa mvua, takribani kuanzia Desemba hadi Aprili, na mvua ikikatika Februari wakati uwele unatoa masuke hakuna mahubiri ya bidii yatakayoirudisha. Aliyezaliwa kwenye mvua mbili kwa mwaka asitufundishe uvivu.

#7 Jembe_Halimtupi

Mwalimu, nimelipokea sahihisho la andiko. La uvivu bado ninalo.

#8 Mwanajumuiya

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi Wakatoliki jambo hili tulilipatia dawa zamani kwa jumuiya ndogo ndogo. Kaya kumi au kumi na tano zinakutana nyumbani kwa mmoja wao kila wiki, kwa hiyo mtu hawezi kupotea miezi miwili bila kuulizwa. Aidha, tangu mwaka 2017 tunayo Siku ya Maskini Duniani, iliyoanzishwa na Papa Fransisko, na kila mwaka kabla ya Majilio tunakumbushwa wajibu huu. Nawashauri ndugu wa makanisa mengine waige utaratibu wa jumuiya.

#9 Binti_Mpwapwa

Milele amina, Mwanajumuiya, nami ni Mkatoliki, lakini tusijisifu haraka. Jumuiya inakutana nyumbani kwa mmoja wao, umesema kweli. Zamu yako ikifika unahitaji mikeka, unahitaji viti vya kuazima, unahitaji angalau chai na karanga, na wenzako wataona kwamba kochi halipo kwa sababu limeuzwa. Dada yangu alianza kukwepa jumuiya wiki tatu kabla ya zamu yake, na alipokwepa jumuiya aliona aibu kwenda misani, kwa sababu wangemuuliza mbona jumuiya haonekani. Jicho linalomwona mhitaji ndilo hilohilo linalomkimbiza.

#10 Mzee_Chilonwa

Mbukwenyi, vijana wangu.

Nimewasoma tangu mwanzo na ninaona mnazungumza kana kwamba njaa imeanza juzi. Baba yangu alizaliwa wakati wa Mtunya, ile njaa kubwa ya Ugogo ya vita vya Wajerumani, na wazee walitusimulia kwamba watu walikufa njiani, wengine wakaacha watoto kwa watu wenye chakula ili wapone. Katika njaa zilizofuata, ambazo mimi mwenyewe nilizishuhudia, kulikuwa na desturi ya kwenda kuhemea. Mtu alichukua mbuzi, au mikeka, au mikono yake mitupu, akatembea hadi kwa ndugu au kwa rafiki wa baba yake ambako mvua ilinyesha, akakaa siku tatu akipalilia au akipura mtama, na akarudi na mzigo kichwani. Hakuna aliyemwita omba omba. Alikuwa mgeni aliyekuja kuhemea, na mwaka ujao anaweza kuwa yeye mwenyeji.

Aibu haikuwepo kwa sababu mkono uliopokea ulikuwa umeshika jembe. Leo mnampa mtu kilo tano za unga mbele ya madhabahu, mnampiga picha kwa simu, halafu mnashangaa kwamba hakurudi.

#11 Msomaji_wa_Kumbukumbu

Mzee wangu, shikamoo. Naomba kuongeza kidogo kwa wasioijua historia hiyo. Mtunya ilidumu takribani kuanzia mwaka 1917 hadi 1920, kwa hiyo Wajerumani walikuwa wameshaondoka Ugogo ilipofikia kilele. Wajerumani walikuwa wamechukua ng'ombe na nafaka kwa ajili ya jeshi lao, Waingereza walipoingia nao wakachukua mifugo na wanaume wa kubeba mizigo, kisha mvua zikakosa. Nalisema hili kwa sababu linagusa hoja ya ndugu Jembe: watu waliondolewa akiba zao kwanza, kisha ukame ukawakuta mikono mitupu.

#12 Mzee_Chilonwa

Marahaba, mwanangu. Baba hakuwa na kalenda, ila habari za bendera zote mbili alisimuliwa.

#13 Mgeni_Ihumwa

Simulizi ya mzee ni nzuri, lakini inamhusu mtu mwenye ndugu wa kumwendea. Mimi nilikuja Dodoma baada ya serikali kutangaza kuhamia huku mwaka 2016, nikifuata kazi za ujenzi. Mji umejaa watu kama mimi: wametoka Kigoma, Tabora, Iringa, Mbeya, wamepanga chumba kimoja Ihumwa au Nala, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Sisi ukoo wetu hapa mjini ni kanisa. Tukikosana na kanisa, au tukiliogopa, hatuna pa kuhemea.

Nadhani wengi wa wale tisa hawakutoweka kanisani tu. Huenda wamehama chumba, wametafuta cha bei ndogo mbali zaidi, na nauli ya kurudi kwenye kanisa la zamani kwa watu watano ni bei ya chakula cha mchana. Mhazini, umehakikisha kwamba bado wanaishi walikokuwa?

#14 Mhazini_Nkuhungu

Ndugu wa Ihumwa, swali lako limenichoma, kwa sababu sijahakikisha. Nilimtembelea mmoja tu. Wiki hii nitazunguka kwa wengine na nitarudi hapa na majibu.

#15 Mama_Muuza_Vitenge

Mnazunguka sana. Niruhusuni niseme jambo ambalo akina mama wote humu wanalijua na wamenyamaza: kausha damu, yaani mikopo ya mitaani yenye riba kali.

Mwaka juzi nilikopa laki tatu za kuongeza mzigo wa biashara. Riba ilikatwa mbele, nikapewa laki mbili na nusu mkononi, na marejesho yakawa ya kila Jumatatu. Wiki ya tano mwanangu aliugua, nikakosa rejesho moja, na faini ikazaa. Sasa sikilizeni vizuri. Aliyeniunganisha na mkopo ule, na aliyekuwa akikusanya marejesho ya kikundi chetu, ni dada ambaye tunasali naye. Anakaa benchi la tatu upande wa kulia, anaimba sauti ya pili. Wakati wa amani katika ibada, tunapogeuka kupeana mikono, ananishika mkono na kuniambia kwa upole, "Amani ya Bwana iwe nawe, kesho usisahau."

Mungu sikumkimbia. Nilimkimbia mwimbaji wa sauti ya pili. Kwa hiyo kabla hamjafuta namba za bahasha, ulizeni kwanza ni waumini wangapi wanadaiwa na waumini wenzao.

#16 Fundi_Bomba

Mama, "kesho usisahau" imenifanya nicheke na kusikitika kwa pamoja. Naondoa nusu ya hoja yangu ya #2.

#17 Mkereketwa_wa_Sheria

Mama wa #15 pole sana. Niseme tu kwamba tangu ipitishwe Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, anayekopesha kwa biashara anatakiwa awe na leseni, na vikundi navyo vinatakiwa kusajiliwa. Wengi wa hao wakusanyaji wa Jumatatu hawana karatasi yoyote. Kanisa lingeweza kuwasaidia waumini hata kwa kumleta afisa maendeleo ya jamii wa kata azungumze dakika ishirini baada ya ibada.

#18 Abu_Swabra_Kondoa

Asalaam alaykum, majirani. Ninachungulia tu kutoka upande wa pili wa barabara. Kwetu zaka ina mafungu manane yaliyotajwa katika Kurani, Sura ya 9, aya ya 60, na mojawapo ni wenye madeni. Yaani aliyelemewa na deni halali ana haki katika zaka kama alivyo na haki maskini. Nauliza kwa nia njema: mfuko wenu wa wahitaji unaweza kumlipia mtu deni, au unatoa unga na sabuni pekee? Maana kilo tano za unga hazimzuii mkusanyaji wa Jumatatu.

Na nisijifanye msafi, kwetu pia wapo wanaoacha safu ya mbele wakahamia safu ya nyuma, kisha wakaswalia nyumbani.

#19 Mchungaji_wa_Bahi

Sheikh, wa alaykum salaam, na umeuliza swali zuri kuliko sisi wenye nyumba.

Nitajibu kwa uwazi kwa sababu mimi ni mchungaji wa kijijini na hapa hakuna anayenijua. Kanisa letu lina kaya chache zinazotoa. Kinachopatikana kinagawanywa: sehemu inakwenda ngazi ya juu kwa mujibu wa utaratibu, sehemu ni posho ya watumishi, sehemu ni ujenzi, kwa sababu jengo limekaa kwenye lenta mwaka wa sita, na mfuko wa wahitaji unapata kinachobaki, ambacho mara nyingi ni sadaka ya Jumapili moja kwa mwezi. Kwa fedha hiyo siwezi kulipa deni la mtu. Nikilipa la mmoja, wiki inayofuata nitakuwa na kumi mlangoni, na wawili kati yao watakuwa waongo. Nimeshawahi kudanganywa kwa msiba ambao haukuwepo, nikatoa rambirambi, na marehemu nikamwona mnadani akichagua mbuzi.

Tulichofanikiwa ni kitu kidogo. Tuliwakatia kaya kadhaa kadi ya CHF iliyoboreshwa, ile bima ya afya ya jamii, ilipokuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita. Nimeona kwamba familia nyingi haziangushwi na njaa ya kawaida. Huangushwa na ugonjwa mmoja unaouza mbuzi wote kwa wiki moja. Kadi ile haikuonekana na mtu, haikupigwa picha, na kati ya kaya hizo hakuna iliyotoweka.

#20 Jembe_Halimtupi

Mchungaji, umesema "wawili watakuwa waongo". Ndicho nilichokuwa nasema.

#21 Mama_Chang'ombe

Na wanane watakuwa wakweli, ndugu Jembe. Hesabu hiyo mbona unaisoma kutoka chini?

#22 Raia_Mwema

Kwani kazi hii si ya serikali? Tuna TASAF na mpango wake wa kunusuru kaya masikini, tuna mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri. Kanisa libaki na mambo ya roho.

#23 Mwalimu_Mstaafu_Hombolo

Ndugu Raia, nimewahi kukaa kwenye mkutano wa kijiji wa kuzitambua kaya za TASAF. Zinazopitishwa ni kaya ambazo umaskini wake unaonekana kwa macho na unajulikana kwa miaka. Huyu tunayemzungumzia hapa ni mtu wa katikati: ana bati, ana televisheni ambayo bado hajaiuza, na kipato chake kimekatika miezi mitatu iliyopita. Katika mkutano ule jina lake lisingetajwa, na yeye mwenyewe asingenyoosha mkono. Serikali inamwona aliyeanguka. Anayeyumba anaonekana na jirani, na kwa kesi hii anaonekana na daftari la mhazini.

Kuhusu mambo ya roho, soma Matendo ya Mitume sura ya 6. Ugomvi wa kwanza wa utawala katika kanisa la Yerusalemu ulikuwa wa chakula. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani, yaani wanaosema Kiyunani, walisahauliwa katika huduma ya kila siku, na mitume hawakusema hilo ni la serikali. Walichaguliwa watu saba, na ukiyatazama majina yao, Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao, yote ni ya Kiyunani. Yaani mgao ulikabidhiwa kwa watu wa upande uliosahauliwa. Ni kamati gani ya huruma katika makanisa yetu ina mjumbe hata mmoja aliyewahi kulala njaa?

#24 Msomaji_wa_Kumbukumbu

Mwalimu, hoja ni tamu lakini naomba tuiendee polepole. Jina la Kiyunani pekee halithibitishi upande wa mtu, kwa kuwa hata miongoni mwa wale Kumi na Wawili kuna Andrea na Filipo, nao ni watu wa Galilaya. Aliyeelezwa waziwazi kuwa mgeni ni Nikolao, mwongofu wa Antiokia. Inawezekana wote saba walikuwa upande huo, ila andiko halisemi.

Kuna andiko lingine linalomhusu mhazini moja kwa moja. Katika 1 Timotheo 5 kanisa lilikuwa na orodha ya wajane, na mjane aliandikwa akiwa amefikisha umri wa miaka sitini. Kwa hiyo daftari si uvumbuzi wa wahazini wa Dodoma. Tofauti ni kwamba lile liliandika watakaopokea, na letu linaandika waliotoa.

#25 Mwalimu_Mstaafu_Hombolo

Nimesahihishwa, na aliyenisahihisha ameniachia kitu kikubwa kuliko alichochukua. Asante.

#26 Mtani_wa_Kwaya

Wakati wasomi mnapumzika, naomba kuuliza kuhusu mnada wa baada ya ibada. Jogoo aliyeletwa na bibi kizee kama sadaka ananadiwa, anafika elfu arobaini, ananunuliwa na mzee yuleyule mwenye gari, na tunapiga makofi. Mzee amebarikiwa, kanisa limepata, na bibi amerudi nyumbani kula mlenda bila mboga nyingine. Jogoo yule angeweza kumsindikiza bibi hadi nyumbani na hakuna malaika ambaye angelalamika.

#27 Binti_Mpwapwa

Mtani, mguse bibi kwa uangalifu. Bibi yangu alileta jogoo kila mavuno, na siku mchungaji mmoja kijana alipomrudishia kwa kumhurumia, alilia wiki nzima. Alisema ameambiwa kwamba hana tena kitu ambacho Mungu anaweza kukitaka.

#28 Niliyetoweka

Nimesoma uzi huu usiku mzima nikiwa nafikiria kama niandike. Mimi ni mmoja wa mnaowazungumzia, ingawa si katika kanisa la mhazini.

Mume wangu alipoondoka na kuniachia watoto watatu, kanisa halikunitenga hata kidogo. Lilinipenda. Kila Jumapili niliombewa. Nilitajwa kama "familia inayopita katika kipindi kigumu", na ingawa jina halikutajwa, vichwa vyote viligeuka kwenye benchi langu. Nililetewa mchele, sabuni na nguo za watoto ambazo mwanangu wa kwanza aliwaona wenzake wakizitambua shuleni. Nilikuwa nafundisha shule ya Jumapili, wakaniondoa kwenye zamu kwa upendo, wakisema nipumzike nina mambo mengi. Nilikuwa naimba, wakaniambia nisihangaike na mchango wa sare, nitakaa pembeni hadi hali itulie. Baada ya miezi minne nilikuwa sina kazi yoyote kanisani isipokuwa kuhurumiwa. Nikaacha kwenda. Hakuna aliyenikosea, ndiyo maana sikuwa hata na mtu wa kumkasirikia.

Aliyenirudisha ni mama mmoja mzee tunayepakana naye. Alikuja jioni moja na gunia la karanga begani mwa mjukuu wake, akaniambia, "Mwanangu, vidole vyangu vimekufa ganzi na mteja anazitaka kesho, njoo unisaidie kumenya." Tulimenya hadi saa tano usiku, tukiwa na taa moja, maganda yamejaa sakafuni, na hakuniuliza habari za mume hata mara moja. Asubuhi alinipa ndoo ndogo ya karanga na kusema ni ujira. Wiki iliyofuata alirudi na gunia jingine. Mwezi wa tatu nikagundua kwamba vidole vyake havina ganzi yoyote, maana nilimwona akidarizi.

#29 Mzee_Chilonwa

Huyo mama analijua jambo la kuhemea. Ila safari hii chakula ndicho kilichotembea.

#30 Mama_Muuza_Vitenge

Niliyetoweka, nimekusoma mara tatu. Lakini mwenzangu, mimi ningetamani hata huko kuhurumiwa. Kwangu hakuna aliyekuja, si na mchele wala na gunia. Nisamehe, sipingani nawe, nasema tu kwamba aibu yako na yangu hazifanani.

#31 Niliyetoweka

Huna kosa, dada. Pengine kila mmoja wetu alikimbia kitu chake.

#32 Mhazini_Nkuhungu

Nimerudi kama nilivyoahidi, na majibu yangu hayatamfurahisha mwenye hoja moja.

Kati ya zile familia nane zilizobaki, mbili zimehama kama ndugu wa Ihumwa alivyokisia. Moja imerudi kwa wazazi Manyoni na nyingine majirani hawajui ilikokwenda. Moja inasali kanisa jingine na ina furaha kuliko ilivyokuwa kwetu, nami nimewapongeza kwa shingo upande. Baba mmoja anafanya ulinzi wa usiku na Jumapili asubuhi ndiyo anaingia kulala. Mama mmoja aliniambia sababu ni viatu vya watoto, jambo ambalo humu ndani hakuna aliyelifikiria. Wawili walisema watakuja Jumapili, kwa sauti ile ambayo sisi sote tunaijua. Na mmoja, ambaye ningeapa kwamba amekwama, alinikaribisha kwenye nyumba anayoiezeka upya na kuniambia hana shida yoyote, alichoka tu na mahubiri marefu. Ndugu Jembe, sikukuta mvivu, lakini nakiri kwamba sikuwa na kipimo cha kumtambulia.

Nimepeleka hoja kwa wazee wa kanisa kwamba safu ya bahasha ikiwa tupu wiki tatu mfululizo, mtu aende nyumbani, na asiende na daftari. Mzee mmoja amepinga kwamba huko ni kupeleleza sadaka za watu, na nikitafakari yale aliyoandika Binti Mpwapwa katika #9, sina uhakika kwamba amekosea. Kikao ni Jumamosi.

#33 Kijana_wa_Bodaboda

Mhazini, ukimpata yule wa ulinzi wa usiku mwambie kuna ibada ya jioni maeneo ya Makole. Ninampitisha bure.

#34 Fundi_Bomba

Na yule mama wa kwanza, mwenye bahasha ndani ya Biblia, anaendeleaje? Tuelekeze anapoishi, tupo wengi humu tulio tayari kumchangia.

#35 Mhazini_Nkuhungu

Fundi, nashukuru kwa moyo huo, lakini sitamwelekeza mtu. Hajui kwamba anazungumzwa hapa, na nimeanza kuona kwamba hata kuanzisha uzi huu nilichukua kitu chake bila kumwomba. Ninachoweza kusema ni kwamba anakaanga maandazi asubuhi.

#36 Fundi_Bomba

Basi nina mafundi kumi na wawili Kisasa ambao wanakunywa chai saa nne. Nahitaji maandazi arobaini kila siku kuanzia Jumatatu, kwa bei ya dukani, na yakiungua nitalalamika. Mpe namba yangu kama mteja, usiseme umenipata wapi.

#37 Mhazini_Nkuhungu

Nitamwambia kuna fundi mmoja msumbufu anataka maandazi.